Polisi wamechukua mali yangu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, na yamelenga mambo yanayokamatwa sana huku kwetu: bodaboda, magari ya mizigo, korosho, boti na injini zake, mbao, mkaa, simu na fedha taslimu. Zanzibar ina sheria zake. Kama mali yako imechukuliwa leo hii, anza na swali la hati ya ukamataji. Mengine yanaweza kungoja kesho.

Mali ikikamatwa, ndiyo imetaifishwa?

Hapana. Mali iliyokamatwa bado ni yako. Polisi wanaishikilia tu kama kielelezo. Mali iliyozuiwa ni ile ambayo mahakama imeamuru isiuzwe wala kuhamishwa mpaka kesi iishe. Mali iliyotaifishwa ni ile ambayo hakimu au jaji ameamuru iwe ya Serikali. Hatua hizo tatu zina karatasi tofauti. Kama mkononi huna amri ya mahakama, wala hujaonyeshwa, basi hakuna kilichotaifishwa, hata kama mtu wa kaunta anakwambia "hiyo imeshakuwa mali ya Serikali." Mkuu wa kituo hana mamlaka ya kutaifisha hata baiskeli. OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, hana, na Kamanda wa Mkoa hana.

Yako mambo mawili yanayoweza kukupokonya mali bila kesi kuendeshwa: kufifilisha kosa (kukiri na kulipa bila kwenda mahakamani), na taratibu za forodha. Tutayafikia.

Ni sheria ipi inayotumika?

Liulize swali hili kabla ya yote, kwa sababu sheria ni nyingi na kila moja ina mlango wake. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasimamia upekuzi na ukamataji wa kawaida. Sheria ya Mazalia ya Uhalifu, Sura ya 256, iliyotungwa 1991, ndiyo inayohusu utaifishaji wa kilichotumika kutenda kosa na kilichopatikana kwa kosa. Juu ya hizo ziko sheria za mambo maalumu: misitu (2002), uvuvi (2003), rushwa (2007), wanyamapori (2009), dawa za kulevya (2015), na Sura ya 200 ya uhujumu uchumi. Lori lile lile, likikutwa na magogo linaingia sheria moja, likikutwa na bangi linaingia nyingine. Masharti ya kulirudisha hayafanani.

Polisi wamefika nyumbani kupekua. Wanatakiwa kuonyesha nini?

Hati ya upekuzi ya mahakama, au kibali cha maandishi kutoka kwa mkuu wa kituo. Hati hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Mwanamke hukaguliwa mwilini na mwanamke. Ni vyema awepo shahidi asiye askari, kwa kawaida mwenyekiti wa mtaa, balozi au mtendaji wa kijiji.

Upekuzi bila hati unaruhusiwa panapokuwa na dharura ya kweli, yaani ushahidi uko karibu kupotea na hakuna muda wa kutafuta kibali. Ndiyo maana magari mengi hupekuliwa barabarani bila karatasi. Lakini kama askari walipanga safari tangu jana yake, wakatoka Mtwara mjini mpaka Nanyamba, dharura hiyo itawawia vigumu kuieleza mahakamani. Mahakama ya Rufani imewahi kuondoa vielelezo katika kumbukumbu za kesi kwa sababu upekuzi haukuwa na kibali wala dharura.

Usizuie upekuzi kwa mikono. Ukiona kasoro, itamke mbele ya shahidi, kisha iandike na saa yake.

Hati ya ukamataji iandikweje?

Kifungu cha 38 cha Sura ya 20 kinamtaka askari aliyekamata kitu atoe stakabadhi, yenye saini ya mwenye mali au mkaaji wa nyumba, au ndugu yake wa karibu, pamoja na saini za mashahidi kama walikuwepo. Kwa mazoea huandikwa hati ya ukamataji mali. Mahakama hazifuati msimamo mmoja mkavu hapa. Zipo kesi ambazo stakabadhi kukosekana kumeua ushahidi, na zipo ambazo hati iliyosainiwa vizuri imetosha peke yake.

Kwa mwenye mali, karatasi hii inazidi kila kitu. Mali nyingi hupunguka kwa sababu hati iliandikwa kizembe. "Pikipiki moja nyekundu" si maelezo. Yanayotakiwa ni haya:

Pikipiki na gari: namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, na kilichomo: betri, tairi la akiba, jeki, redio, vioo vya pembeni, kiasi cha mafuta. Betri na vioo ndivyo huyeyuka kwanza.

Injini ya boti: aina, nguvu zake kwa hosipawa, namba yake, na kama ina propela na tangi. Injini isiyoandikwa namba inaweza kubadilishwa na kuukuu ya aina ile ile, nawe usiwe na la kusema.

Simu: piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iandikwe hiyo. Zima simu mbele yao.

Fedha: zihesabiwe mbele ya shahidi, noti za 10,000 ngapi, za 5,000 ngapi, na jumla kwa tarakimu na kwa maneno.

Korosho: kilo, si magunia. Gunia lina tofauti kubwa ya uzito, na ikifika kortini "magunia 12" yanaweza kuwa kilo zozote.

Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Piga mstari palipo wazi. Ikiwa hukubaliani na kilichoandikwa, saini huku ukiandika pembeni "sikubali idadi hii". Ukikataa kusaini kabisa, wataandika kwamba umekataa, na hoja yako haitakuwa popote. Omba nakala, ukinyimwa, piga picha.

Baada ya hapo mali hukaa wapi?

Inatakiwa kuingizwa kwenye rejista ya vielelezo ya kituo, ifungwe lebo, na kila anayeipokea aandike. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilieleza kwamba mwenendo wa kielelezo kutoka mkono hadi mkono uwe na kumbukumbu. Baadaye imelegeza kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kama gari au meno ya tembo. Unga wa dawa za kulevya, fedha na simu havijapata nafuu hiyo kirahisi.

Mwombe mtunza vielelezo akupe namba ya kielelezo. Watu wengi wana namba ya RB peke yake. RB ni ya taarifa ya tukio, haimwonyeshi mtu pikipiki yako ipo kona gani ya yadi.

Bodaboda yangu imekamatwa kwa kosa la barabarani. Wanaweza kuishikilia mpaka lini?

Kosa la kawaida la usalama barabarani huisha kwa faini. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 faini ya papo kwa papo kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali. Mwaka 2018 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kangi Lugola, aliagiza vituo visirundike pikipiki, isipokuwa zilizohusika katika uhalifu, zilizopata ajali, au zilizotelekezwa. Agizo la waziri si sheria, lakini ni hoja nzuri ya kumwandikia OCD.

Fanya haraka. Vituo vingi vya pwani yetu, kuanzia Kilwa Masoko mpaka Mikindani, viko jirani na bahari, na chumvi haisubiri kesi: mnyororo, tangi na nyaya za umeme huliwa kutu. Mwenye chombo aende mwenyewe na kadi ya usajili. Kama bado inasoma jina la aliyekuuzia, nenda na mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili au mtendaji, tena mtafute na muuzaji. Kadi isiyohamishwa jina huchelewesha chombo kuliko kosa lenyewe.

Na "hela ya yadi"? Ukidaiwa, omba kumbukumbu namba. Kisicho na kumbukumbu namba ni rushwa, na wewe mtoaji pia unatenda kosa.

Dereva wangu amekutwa na nyara au bangi kwenye gari. Mimi sikujua.

Hili ndilo linalowapata wenye magari wa Liwale na Nachingwea, njia za kutoka pori la Selous, na wenye Noah za abiria. Sheria za wanyamapori na dawa za kulevya zinaruhusu chombo kilichotumika kubeba kitaifishwe, na mzigo wa kueleza kwamba hukujua unakuja kwako. Mwenye gari anayekaa nyumbani akingoja dereva ashinde kesi yuko hatarini: dereva akikiri siku ya kwanza, amri ya utaifishaji inaweza kutoka hapo hapo, gari lako likiwa nje ya mahakama nawe haupo.

Kwa hiyo nenda mahakamani mapema. Peleka maombi ya maandishi, yenye kiapo, kwamba wewe ni mwenye mali wa tatu, hukushiriki wala hukujua. Ambatanisha kadi ya gari, mkataba na dereva, kitabu cha hesabu za kila siku, kumbukumbu za simu ulizompigia, na kama gari lina kifaa cha kufuatilia, ripoti yake. Mkataba wa mdomo wa "niletee 50,000 kwa siku" una thamani ndogo mahakamani. Katika maombi hayo hayo omba ukabidhiwe gari kwa dhamana wakati kesi inaendelea, lipigwe picha, uahidi kutoliuza na kulileta likiitwa. Si kila hakimu hukubali, ila wanaoomba ni wachache kuliko wanaolalamika.

Ikiwa amri imeshatoka bila wewe kusikilizwa, hoja yako ni ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, haki ya kusikilizwa, na njia yako ni kuomba mapitio Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Kanda hiyo inahudumia mikoa yote miwili. Mshtakiwa mwenyewe hukata rufaa: kusudio ndani ya siku 10, sababu za rufaa ndani ya siku 45.

Korosho zangu zimekamatwa zikidaiwa ni za kangomba.

Korosho ghafi huuzwa kupitia chama cha msingi (AMCOS) kwa stakabadhi ghalani, kisha minada ya vyama vikuu: MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao. Anayenunua vijijini kwa bei ya chini kabla ya mnada ndiye mtu wa kangomba. Tatizo ni kwamba mkulima mwenye shamba kubwa na mtu wa kangomba, wakiwa barabarani na pikapu, wanafanana kabisa. Katika msimu wa 2018/19, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa mashamba yao kabla ya kulipwa, na waliokuwa na kumbukumbu walipita mapema.

Vya kuonyesha: namba yako ya usajili wa mkulima ile ya pembejeo, barua ya mtendaji wa kijiji ikitaja shamba na ukubwa wake, na stakabadhi zako za AMCOS za misimu iliyopita. Kama umebeba za ndugu au jirani, kila mmoja aandike zake kabla ya safari. Kilo zako zikizidi sana uwezo wa shamba lako, hakuna karatasi itakayokuokoa.

Dai zipimwe kwenye mizani ya AMCOS siku hiyo hiyo, na daraja na unyevu viandikwe. Korosho zikirundikwa sakafuni kwenye chumba cha vielelezo huvuta unyevu, huota ukungu na kushuka daraja. Na zikikauka hupungua uzito, halafu ugomvi wa "zimeibwa" unaanza. Njia bora ni kuiomba mahakama iamuru ziuzwe mnadani na fedha zihifadhiwe mpaka hukumu. Utapata pesa badala ya maganda.

Samaki, nyama, vitu vinavyooza?

Huweza kuteketezwa kwa amri ya hakimu kabla ya kesi, kwa fomu inayoitwa inventori. Mahakama ya Rufani imesema mshtakiwa apelekwe mbele ya hakimu na asikilizwe kabla ya amri hiyo, na mali ipigwe picha. Inventori iliyofanyika bila mshtakiwa kuwepo imeshaangusha kesi.

Afisa amesema nikubali kosa, nilipe, tumalize hapa hapa.

Kama kuna karatasi, huko ni kufifilisha kosa, na sheria za misitu, uvuvi na wanyamapori zinaruhusu. Huendi jela, hupelekwi kortini. Lakini unakiri kwa maandishi, na mali inaweza kubaki kwao kama sehemu ya makubaliano. Soma mstari unaotaja mali kabla ya kusaini. Mara nyingi mtu hulipa akidhani ananunua uhuru wa mashua yake, kumbe amenunua wake peke yake. Kama hakuna karatasi wala stakabadhi, hiyo si kufifilisha.

Mzigo umekamatwa na forodha, Kilambo au Mtambaswala.

Hapa hesabu siku. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakupa mwezi mmoja kupeleka dai la maandishi kwa Kamishna, tangu kukamatwa au tangu kupewa taarifa. Usipodai, mali huhesabika imetaifishwa bila hakimu yeyote kuisikia. Usipoteze wiki tatu ukibembeleza mpakani.

Nimeachiwa huru. Mbona hawanirudishii?

Fungua ukurasa wa mwisho wa hukumu uone amri kuhusu vielelezo. Kama imo, peleka nakala iliyogongwa muhuri kituoni. Kama hakimu hakusema lolote, na hutokea sana, rudi mahakama ile ile uombe amri. Kituo hakitakupa kitu kwa maneno.

Angalia pia kesi iliishaje. Aliyeshinda baada ya ushahidi kusikilizwa ana hali tofauti na ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka ameiondoa kesi yake. Huyu wa pili anaweza kushtakiwa upya, na polisi watatumia sababu hiyo kubaki na mali. Waombe wakuandikie kwamba bado inahitajika.

Hakuna kesi, na mwaka umepita.

Andika barua kwa mkuu wa kituo, nakala kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, ikitaja tarehe, namba ya RB, namba ya kielelezo, na ombi moja: wanirudishie au wanieleze kwa maandishi kwa sheria gani wanashikilia. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Baada ya siku 14, Kamanda wa Mkoa na ofisi ya mashtaka ya mkoa. Halafu Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi Lindi, na malalamiko kwake hayalipiwi.

Kuishtaki Serikali kwa madai kunahitaji notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa pikipiki moja gharama inaweza kuimeza pikipiki. Kwa boti au lori, fikiria.

Akaunti au nyumba imezuiwa.

Omba nakala ya amri yenye namba ya shauri; benki iliyozuia fedha inajua ilipokea karatasi gani. Kisha iombe mahakama iruhusu fedha za kujikimu, ada za shule na wakili.

Wanasema niachie mali ndipo nitoke mahabusu. Nikubali?

Makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa kwenye Sura ya 20 mwaka 2019, na lazima yasajiliwe mahakamani. Mwaka huo huo watuhumiwa 467 wa uhujumu uchumi waliomba kurejesha zaidi ya bilioni 107. Watetezi walisema fedha za umma zimerudi bila kesi za miaka kumi. Wapinzani walijibu kwamba utakatishaji fedha hauna dhamana, na mtu aliyekaa rumande miaka mitatu atasaini chochote. Januari 2023, akizindua Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande, Rais Samia mwenyewe alihoji zilikokwenda baadhi ya fedha hizo. Ushauri ni mmoja: usisaini bila wakili, na hakikisha kila mali imetajwa kwa namba, inayochukuliwa na inayobaki.

Basi utaifishaji ufutwe?

Ukiufuta, mwenye mtandao wa heroini atatumikia kifungo na kurudi kwenye nyumba zake. Hilo halikubaliki kwa mtu yeyote aliyeona vijana wa pwani wakiteketea. Na wahalifu wakubwa hawaandiki mali kwa majina yao.

Lakini tusichukue mjadala wa Marekani mzima mzima. Kule, chombo chenyewe kinaweza kushtakiwa bila mwenyewe kutiwa hatiani, na tangu sheria ya 1984 polisi wa jimbo wanaoshirikiana na Serikali Kuu wanaweza kupata hadi asilimia 80 ya mapato. Ndipo New Mexico ikafuta utaratibu huo mwaka 2015, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya Land Rover ya dola 42,000 kutoka Indiana, kwamba majimbo nayo yanabanwa na katazo la faini zilizopita kiasi. Faini ya juu ya kosa lile ilikuwa dola 10,000. Kenya nayo ina wakala wa urejeshaji mali unaoweza kudai mali bila hatia ya jinai.

Kwetu mlango mkuu bado unapitia hatiani, na mali iliyotaifishwa huwa ya Serikali, si ya kituo kilichoikamata. Kidonda chetu kiko kwingine: muda kati ya kukamata na amri ya mahakama hauna ukomo unaobana, na yadi haina mtu wa kuwajibika kwa betri. Sheria ikimtaka mkuu wa kituo apeleke kwa hakimu, kila baada ya siku 60, orodha ya anachoshikilia na sababu zake, sehemu kubwa ya malalamiko ya Mtwara na Lindi ingekwisha bila kugusa mamlaka ya kuwafilisi vinara.

Sina fedha za wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako ina majina yao. Wanaweza kukuandikia barua na kukuelekeza kwenye mahakama husika, lakini hawaruhusiwi kukusimamia kesi kortini. Nenda na hati ya ukamataji, kitambulisho, uthibitisho wa umiliki, na nakala tatu za kila kimoja.